Kwa nini ziwa Brienz lina rangi ya feruzi na jirani yake Thun halina? Waliopiga baiskeli Uswisi njooni

#1 Pedeli_Polepole
Wakuu heshima kwenu. Mi na jamaa yangu tupo kusini mwa Ujerumani kikazi, likizo hii tukasema hatupandi ndege kwenda popote, tunafunga mahema kwenye kariea tunapiga baiskeli kando ya maziwa ya Uswisi. Narudia, siyo mashindano. Mwendo wetu ni wa kusimama kila penye kivuli na kila penye bomba la maji. Tulifata njia ya taifa namba 9, wenyewe wanaiita Seen-Route, inaanzia Montreux kwenye ziwa la Geneva inaishia Rorschach kwenye ziwa Bodensee, kama kilomita 500 hivi, na ramani huihitaji sana maana kila njia panda kuna kibao chekundu chenye namba.

Kutoka Montreux kwenda juu kuna mlima hauna adabu, kwahiyo pale tulipakia baiskeli kwenye treni tukashukia Saanenmöser, mita 1279, halafu ni mteremko wa bonde la mto Simme mpaka Spiez kwenye ziwa Thun. Ziwa zuri, bluu ya kawaida. Tukaendelea tukapita Interlaken, ambayo kimsingi ni kipande cha tambarare kilichobanwa kati ya maziwa mawili, tukatokea Brienz. Aisee. Yale maji ni feruzi, tena feruzi iliyofifia kama mtu kamwagia maziwa ya ng'ombe ndani. Na mto ni ule ule mmoja, Aare, unaingia Brienz, unatoka, unaingia Thun. Kina hakipishani kivile, Brienz mita 260 Thun 217. Jamaa yangu anasema ni barafu, mwenye kambi akasema ni chokaa, kuna mzee tulikaa naye benchi moja kasema ni mabwawa ya umeme. Nani mkweli hapo?

#2 Mzigo_wa_Kuni
Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu rangi unatuelezea kwa maneno wakati simu unayo?

#3 Pedeli_Polepole
Picha anazo jamaa, na jamaa ni mzito kuliko mwendo wetu. Vumilieni.

#4 Mchanga_Laini
Jamaa yako yuko sahihi. Barafu ya kudumu ya mlimani haijatulia, inateleza kidogo kidogo juu ya mwamba, na chini yake kumeng'ang'ania mawe, kwahiyo inausaga mwamba unakuwa unga laini mno. Ule unga hauzami haraka, unaelea kwa muda mrefu, jua likipiga unarudisha mwanga wa bluu na kijani ndo unaona hiyo feruzi. Brienz linapokea mito miwili ya namna hiyo, Aare kutoka Grimsel na Lütschine kutoka Grindelwald na Lauterbrunnen. Mzigo unatua humo humo, maji yanayopita Interlaken kwenda Thun yameshapungua unga. Brienz anachuja, Thun anakunywa yaliyochujwa. Kesi imefungwa.

#5 Kaka_wa_Bern
Mkuu #4 kesi haijafungwa, umeuruka mto Kander. Zamani Kander haukuwa unaingia ziwa Thun, ulikuwa unapita pembeni unaenda kuungana na Aare chini ya mji wa Thun, unafurika unaharibu mashamba. Serikali ya Bern ikatoboa kilima ikaugeuza umwagike ziwani, 1714. Na Kander nao unatoka kwenye barafu, kule Blüemlisalp. Na mto Simme, huo huo alioteremka nao mleta mada, unaungana na Kander kabla ya kufika ziwani. Kwahiyo Thun anapokea tope la barafu moja kwa moja bila kuchujwa na mtu. Kama unga wa mawe peke yake unatosha kueleza, mbona Thun sio feruzi?

Halafu utamu wa stori ni kwamba waligeuza mto bila kufikiria mlango wa kutokea maji pale mjini Thun ni mdogo, mji ukaanza kuogelea. Ikabidi wajenge milango ya mbao ya kudhibiti maji, ipo mpaka leo, na vijana wanateleza na vibao juu ya wimbi lake. Hata hivyo haikutosha, 2009 wakamaliza handaki la kupunguzia maji chini ya mji. Karibu miaka 300 bado wanalipia ule uamuzi wa 1714.

#6 Nyuki_wa_Nakuru
Ati mafuriko yakisumbua shamba zenu mnayatuma kwa jirani? Hiyo ilikuwa county gani bana 😂

#7 Mchanga_Laini
@Kaka_wa_Bern nakubali Kander upo, lakini sehemu kubwa ya mzigo wake ni kokoto na mchanga, unatua pale pale mdomoni, hata kwenye ramani utaona mto umejijengea rasi yake ndani ya ziwa. Pia Thun ni pana zaidi, kilomita za mraba 48 kwa 30 za Brienz, na ujazo wake ni mkubwa. Unga unaopona unapotelea kwenye maji mengi.

#8 Kaka_wa_Bern
"Unapotelea" sio fizikia mkuu.

#9 Ticha_Chemia
Mwenye kambi msimcheke. Kwenye maziwa yenye maji magumu, kiangazi vijimea vidogo vya majini vinavuta hewa ukaa kutoka kwenye maji, chokaa iliyoyeyuka inashindwa kubaki imeyeyuka inajitenga kuwa punje nyeupe, ziwa linapauka. Bodensee linafanya hivyo, ziwa Zürich pia. Milima ya kaskazini mwa Brienz yote ni mawe ya chokaa, angalieni.

#10 Mchanga_Laini
Ticha, Aare ya Grimsel inatoka kwenye matale (granite ukipenda), yale maji ni laini. Na hao vijimea unaowategemea Brienz wanapatikana wapi, lile ziwa ni maskini wa rutuba kuliko karibu yote ya pale.

#11 Bomba_la_Maji
Hapo kwenye umaskini wa rutuba ndo pa kukaa. Mi kazi yangu ni maji, sio Uswisi lakini mambo yao tunayasoma. Ziwa lenye rutuba linakuwa na vijimea vingi, vijimea vinaleta ukijani, wakati mwingine ukahawia. Waswisi walipiga marufuku fosfeti (ina fosforasi, chakula cha vijimea) kwenye sabuni za kufulia 1986, wakajenga na mitambo ya kusafisha majitaka karibu kila kona, basi maziwa yakasafika. Brienz ambalo lilikuwa halina rutuba tangu mwanzo likabaki tupu kabisa. Kwahiyo unachokiona pale ni unga wa mawe ambao hauna mshindani. Thun una unga kidogo na vijimea kidogo, ukichanganya unapata bluu ya kawaida. Mnabishana kitu kimoja wakati vipo viwili.

Na yule mzee wa benchi ana hoja. Mabwawa ya umeme kule Grimsel, ukuta mkubwa wa kwanza ulimalizika 1932, yanashika maji ya kiangazi yanayatoa kipindi cha baridi wakati watu wanahitaji umeme. Punje nzito zinabaki bwawani, laini zinapita kwenye mitambo zinashuka. Matokeo yake Brienz kiangazi lina unga pungufu kuliko ambavyo lingekuwa kwa asili yake, na kipindi cha baridi lina unga zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 samaki walikatika pale, wavuvi wakanyooshea mabwawa kidole, wataalamu wakachunguza wakaja na jibu kwamba sababu kubwa ni njaa, fosforasi imeisha, mabwawa yamechangia kidogo. Wavuvi hawajaridhika mpaka kesho.

#12 Mzigo_wa_Kuni
Kwahiyo wavuvi wanataka ziwa lichafuliwe kidogo ili samaki washibe? Nimesoma mara mbili.

#13 Bomba_la_Maji
Ndicho walichowahi kuomba, majitaka yasisafishwe sana. Wakakataliwa.

#14 Mzee_wa_Ukerewe
Vijana salamu. Mimi nauliza swali dogo tu. Hilo Brienz mnaloliita ziwa la milimani liko mita ngapi juu ya bahari?

#15 Pedeli_Polepole
564 mzee. Shikamoo.

#16 Mzee_wa_Ukerewe
Marahaba. Ziwa Victoria liko mita 1134. Nimetoka kuangalia hiyo Brünig, mlima wenu mnaouvuka kutoka Brienz kwenda Luzern, ni mita 1008. Maana yake mtu aliyesimama kwenye kilele cha huo mlima wenu yuko chini kuliko mvuvi aliyekaa kwenye mtumbwi wake hapa Nansio. Endeleeni.

#17 Nyuki_wa_Nakuru
😂😂😂 Mzee ameua. Na Naivasha iko 1884, hapo Saanenmöser ni kushuka tu.

#18 Mutu_wa_Kivu
Jambo kwenu bote. Miye niko mutu wa Bukavu, naishi Lausanne. Kivu iko mita 1460, kwa hiyo mzee wa Ukerewe naye ashuke kidogo 😀 Ziwa la Geneva lenyewe hapa iko 372 tu. Lakini kwa macho, milima inakusimamia juu ya kichwa, njo maana banaita ya Alps.

#19 Mzee_wa_Ukerewe
Bukavu nimewakubali. Ila mmetuwekea gesi chini ya maji, hilo mlijibu siku nyingine.

#20 Pancha_Daima
Mzee heshima yako ila miguu haihesabu mita za kutoka baharini, inahesabu mita za kupanda. Mvuvi wa Nansio hajapanda kitu. Kutoka ziwa Brienz mpaka Brünig unapanda mita 440 na ushee ukiwa na hema, jiko, maji na unga. Na pale unapotoka Brienz juu yako kuna Rothorn mita 2350, hiyo ndo inaitwa milima. Mi nilipanda Brünig kwa gia ndogo kabisa, nikawa nasimama kunywa maji kila kona, hakuna aliyenicheka isipokuwa ng'ombe.

#21 Chapati_Mbili
Lakini kuna treni inavuka Brünig na inabeba baiskeli. Kwanini mtu mwenye akili timamu apande?

#22 Pancha_Daima
Baiskeli ikipanda treni hiyo sio safari ya baiskeli, hiyo ni baiskeli inatembezwa.

#23 Chapati_Mbili
Mleta mada kaanza na treni Montreux. Mwambie yeye.

#24 Pedeli_Polepole
Niacheni na magoti yangu. Na ili mjue zaidi, Brünig pia tulipanda treni, ile ya reli yenye meno katikati. Ipo tangu 1888, mi nani nisiitumie. Na kuna mabasi ya posta yanabeba baiskeli, meli za ziwani zinabeba, nchi nzima imepangwa kwa ajili ya wavivu.

#25 Mama_Hema
Nimechelewa lakini huu ndo uzi wangu. Mi na mume wangu tulifanya kipande cha Luzern mpaka Bodensee kwa mwendo wa harusi kabisa, na naomba niwatoe hofu dada zangu mnaosoma kimya kimya. Njia ni tambarare kwa sehemu kubwa, pembeni ya reli au pembeni ya maji, magari machache. Watakaokupita ni bibi na babu wa miaka 70 wamevaa kofia za rangi, msione aibu, baiskeli zao zina mota. Zile za kawaida mota inakata ukifika spidi 25, ukiona yenye kibao cha namba cha njano hiyo inafika 45, mpishe.

Mambo ambayo hamtaambiwa: Jumapili maduka yamefungwa, ukiishiwa mkate unaenda stesheni kubwa ya treni ndo kuna duka. Maji msinunue, kila kijiji kina bomba la jiwe maji yanatiririka, unajaza bure, labda pameandikwa Kein Trinkwasser (sio maji ya kunywa) hapo usinywe. Na kambi ikiwa karibu na malisho, kengele za ng'ombe zinalia usiku kucha. Mi nilidhani ni ushairi, saa nane usiku nikaona ni adhabu.

#26 Shule_ya_Msitu
Naombeni msaada, kwani lazima ulale kwenye kambi ya kulipia? Si unatafuta mti kando ya ziwa unafunga hema asubuhi unaondoka?

#27 Kaka_wa_Bern
Kando ya ziwa sahau. Hakuna sheria moja ya nchi nzima, kila kantoni (ni kama mkoa) na kila kijiji kina yake, lakini fukwe za maziwa ni ama za mtu, ama za kijiji, ama hifadhi ya ndege. Juu kabisa milimani, kupita pale miti inapoishia, usiku mmoja mtu mmoja mmoja kwa kawaida hawamsumbui, ila siyo ndani ya hifadhi ya taifa wala maeneo yaliyofungwa kwa ajili ya wanyama. Ukivuka kuingia Ujerumani au Austria upande wa Bodensee ndo wakali zaidi. Njia nzuri ni kumgongea mkulima na kumuomba. Kuna wakulima wamefanya biashara kabisa, unalala ghalani juu ya nyasi kavu, asubuhi unapewa mkate na jibini.

#28 Mama_Hema
Nyasi kavu tulijaribu, ni raha kama huna mafua ya vumbi. Mume wangu anayo. Sitaki kuongelea ule usiku.
Kambi za kulipia ukiwa na hema dogo bila gari sio ghali ukilinganisha na chumba, ila kuna kodi ya mgeni ya kila usiku inaongezwa juu, usije ukadhani umeibiwa.

#29 Fundi_Spoku
Tukirudi kwenye rangi, mbona hakuna aliyesema upepo? Mi nimepita Brienz asubuhi ziwa limetulia nikaona kijani cha chupa, mchana upepo umepiga nikarudi likawa feruzi lile lile la mleta mada. Ziwa ni lile lile siku ni ile ile. Unga wa mawe haukuongezeka ndani ya masaa hayo.

#30 Mchanga_Laini
Asubuhi lile ziwa lina kivuli cha milima na linaakisi misitu. Ulikuwa unatazama miti mkuu.

#31 Fundi_Spoku
Basi hata Thun inawezekana mnatazama anga.

#32 Ticha_Chemia
Hoja ya Fundi ina mashiko kuliko mnavyoipa. Thun liko wazi zaidi upande wa magharibi, milima imerudi nyuma, anga linaloakisiwa ni kubwa. Brienz limebanwa pande zote mbili.

#33 Pancha_Daima
Upepo mmeutaja, ngoja niwape kitu cha maana kwa wenye mahema. Kwenye maziwa yote makubwa Uswisi utaona taa za rangi ya chungwa ufukweni. Zikimulika mara 40 kwa dakika ni tahadhari ya upepo mkali, zikifika 90 ni dhoruba, ondoka majini. Zimewekwa kwa ajili ya wenye maboti lakini mi nazitumia kwa hema. Walensee taa zilianza 40, majirani zangu kambini wakaendelea kuchoma soseji, mi nikakaza kamba zote nikaweka mawe. Zilipofika 90 kuna hema moja likaenda kutua kwenye gari la watu. Kuna upepo wa joto unateremka milimani kutoka kusini, unaitwa Föhn, huo haubishi hodi.

#34 Nyuki_wa_Nakuru
Walensee ni wapi tena? Nyinyi mnataja maziwa kama stage za matatu.

#35 Pancha_Daima
Ukishapita Rapperswil unaelekea mashariki. Refu, jembamba, upande wa kaskazini ni ukuta wa mlima unaitwa Churfirsten, umeshuka karibu mpaka majini. Njia ya baiskeli iko upande wa kusini, vipande vingine unapita ndani ya vihandaki na mapaa ya zege kando ya barabara kuu. Ng'ambo kuna kijiji cha Quinten, hakuna barabara ya gari, unafika kwa boti au kwa miguu. Jua linawapiga kutwa kwahiyo wanalima zabibu na tini kama wako Italia. Mi kwa maoni yangu hapo ndo bora kuliko Brienz, na maji yana rangi ya maji.

#36 Kaka_wa_Bern
Walensee nalo limetengenezwa mkuu. Mto Linth ulikuwa haupiti pale, ulikuwa unatawanyika bondeni watu wanakufa kwa malaria. 1811 wakauelekeza kwa mfereji ndani ya ziwa, ukamwage kokoto humo, na usawa wa ziwa ukashuka kama mita 5. Aliyesimamia kazi, Hans Conrad Escher, familia yake ikapewa jina la ule mto. Na hapo kwenye njia ya mleta mada, ukiteremka Brünig unakuta ziwa Lungern, 1836 wanakijiji walitoboa mlima wakalipunguza maji wapate ardhi ya kulima, miaka ya 1920 likajazwa tena kwa ajili ya umeme. Hata Lütschine haukuwa unaingia Brienz moja kwa moja zamani, watawa wa Interlaken ndo walioupeleka huko. Kwahiyo tukiuliza kwanini ziwa fulani lina rangi fulani, mi nasema tuanze na kuuliza nani alihamisha mto.

#37 Mzigo_wa_Kuni
Watawa??

#38 Kaka_wa_Bern
Watawa. Enzi za kati. Walikuwa na mashamba ya kulinda.

#39 Mchanga_Laini
Sasa wewe mwenyewe umenisaidia. Watawa wamempa Brienz mto wa pili wa barafu, ndo maana lina unga mara mbili. Asante.

#40 Kaka_wa_Bern
Na Kander umempa Thun wa kwake. Tumerudi pale pale.

#41 Mtu_wa_Mbamba_Bay
Wakuu swali la pembeni, mwisho wa safari mnafika Bodensee ambalo lina nchi tatu, Ujerumani, Uswisi na Austria. Mpaka unapita wapi mle ziwani?

#42 Mama_Hema
Haupo 😄 Sehemu kubwa ya lile ziwa hawajawahi kukubaliana. Uswisi inasema katikati, Austria inasema ukishatoka ufukweni ni letu wote, Ujerumani haijasema kitu kinachoeleweka. Na maisha yanaendelea, unapanda kivuko Romanshorn na baiskeli yako unashukia Friedrichshafen hakuna anayekuuliza ulivuka mpaka saa ngapi. Kuzunguka ziwa lote ni kama kilomita 260, tambarare, kwa anayeanza mi namshauri hilo kabla ya kitu kingine.

#43 Mtu_wa_Mbamba_Bay
Na sisi na Malawi tunagombana ziwa Nyasa tangu lini sijui. Wao wanashikilia mkataba wa 1890 wa Mjerumani na Mwingereza kwamba mpaka uko ufukweni kwetu, sisi tunasema katikati ya maji. Huyo huyo Mjerumani kwake ziwa lina nchi tatu hana mpaka.

#44 Chapati_Mbili
Duh. Hii nimeipenda.

#45 Msimamizi_Jukwaa
Ziwa Nyasa lina uzi wake kule siasa. Hapa baiskeli na rangi tafadhali.

#46 Samaki_Mgebuka
Rangi basi. Mi mtu wa Kigoma. Tanganyika lina kina mita 1470, maji ni meupe unaona mawe chini ufukweni na ukienda katikati ni bluu nzito karibu nyeusi. Hakuna barafu, hakuna mabwawa, hakuna watawa. Kina kikubwa, tope kidogo, rutuba kidogo juu. Kwahiyo bluu ndo rangi ya kawaida ya ziwa safi, anayehitaji kuelezwa ni Brienz peke yake. Swali la kwanini Thun sio feruzi mngeliacha.

#47 Bomba_la_Maji
Huyu kaongea. Ila bado lazima ueleze kwanini Kander haujalifikisha Thun huko.

#48 Samaki_Mgebuka
Mi nimekuja kwa ajili ya mgebuka na maji, Kander simjui.

#49 Shule_ya_Msitu
Mleta mada mlikuwa mnakula nini? Maana Uswisi nasikia sahani moja ya chakula ni mshahara.

#50 Pedeli_Polepole
Mchana mkate, jibini, nyanya, tunakaa kwenye benchi na benchi zipo kila mita mia. Jioni ugali. Unga tulibeba kutoka duka la Waafrika Ujerumani, jiko la gesi dogo, sufuria moja. Kuna kambi moja pale Sarnen Wadachi walikuja kuangalia tunavyosonga, wakaonja, mmoja akaomba tena, mwingine akasema asante akarudi hemani kwake. Mboga sukuma hamna, tulitumia spinachi.
Kitu kimoja, kama unakuja kwa ndege mtungi wa gesi hauruhusiwi hata kwenye mizigo ya chini, nunua ukifika, na angalia jiko lako ni la kufunga kwa skrubu au la kubofya maana mitungi haifanani.

#51 Nyuki_wa_Nakuru
Sasa niambieni ukweli. Niko na Black Mamba ya babu, gia moja, breki za chuma. Inaweza hiyo route 9?

#52 Fundi_Spoku
Kupanda utasukuma, hilo sio tatizo, Wajerumani wenyewe wanasukuma. Tatizo ni kushuka. Brünig kwenda Lungern na Giswil ni mteremko mrefu, na wewe una kilo 20 za mizigo nyuma, mvua ikinyesha mpira wa breki kwenye rimu ya chuma unateleza tu, hushiki kitu. Weka breki za diski au angalau rimu za alumini na mipira mipya. Gia nazo, mbele meno machache nyuma meno mengi, usidanganywe na mtu wa dukani anayekuuzia baiskeli ya mashindano. Tairi nene kidogo, kuna vipande vya changarawe, kama ile njia ya Iseltwald kwenda Giessbach kusini mwa Brienz.

#53 Mama_Hema
Iseltwald! Pale kuna gati tamthilia moja ya Kikorea ilirekodiwa, watu wakawa wengi mpaka kijiji kikaweka geti, faranga 5 kusimama kwenye gati upige picha. Sisi tulikaa mita chache pembeni bure, ziwa ni lile lile.

#54 Chapati_Mbili
Na rangi ilikuwaje siku hiyo?

#55 Mama_Hema
Kijivu. Ilikuwa inanyesha.

#56 Fundi_Spoku
NILISEMA ANGA.

#57 Mchanga_Laini
Mvua ya siku moja sio ushahidi mkuu. Kuna anayeishi pale karibu aje atuambie mwezi wa pili linakuwaje, kama Bomba_la_Maji yuko sahihi kuhusu mabwawa basi hata baridi kali unga unakuwepo, kama hayuko sahihi litakuwa bluu kama Thun.

#58 Kaka_wa_Bern
Mwezi wa pili nitapita na treni nitaangalia. Ila nikikuta bluu usije kusema ni anga.